Kwa Nini Mama wa Nyuki Wadogo Haruki

Mkifungua mzinga wa nyuki wadogo, wale wasio na mwiba, mtamkuta mama yao ametulia katikati, tumbo limejaa, mabawa hayamfai kitu. Hakuumbwa hivyo. Zamani, milima hii ilipokuwa bado msitu mtupu, aliruka kuliko watoto wake wote. Kila masika, nyumba ilipojaa, aliinuka na nusu ya ukoo wake, akamwachia binti yake mzinga na akiba yote, akaenda kuanza upya mahali asipopajua mtu.

Siku hizo palikuwa na mjane, jina lake Mghoi, aliyekaa ukingoni mwa korongo. Alikuwa na mzinga mmoja tu, gogo aliloachiwa na marehemu mumewe, nao ulining'inia chini ya paa. Mwaka ule uliingia ugonjwa wa kifua. Uliwabana watoto wachanga mpaka midomo ikageuka kijivu, na asali chachu ya nyuki wadogo ndiyo pekee iliyowalegezea pumzi. Binti pekee wa Mghoi, Wakesho, alikuwa ameolewa ng'ambo ya korongo, mwendo wa asubuhi nzima kushuka na kupanda. Naye alikuwa na mtoto wa miezi minne.

Siku moja akaja Mwandoe, shemeji yake Wakesho, miguu imejaa vumbi.

"Mama, mtoto anakohoa. Wakesho anaomba asali, hata ya kulambisha tu."

Mghoi aliutazama mzinga. Ulikuwa mzito, tayari kugawanyika. Nyumba tatu za jirani zilikwisha kuzika, na yeye alikuwa amejiapia kwamba mzinga ule utazaa miwili, miwili izae minne, mpaka kila nyumba ipate dawa yake.

"Mwambie avumilie, mwanangu," alisema. "Nikiufungua sasa watasinyaa. Wazae kwanza."

Mwandoe akarudi mikono mitupu.

Lakini Mghoi aliijua desturi ya nyuki. Mama akiruka, nusu ya ukoo ingepotelea msituni. Basi alichukua wembe, akazibua upenyo mdogo kwenye gogo, akamshika yule mama kwa vidole viwili, akamkata mabawa. Nyuki hawakuwa na mwiba wa kumtetea. Walijisokota nyweleni mwa Mghoi, wakamng'ata kope, wakalia masikioni mwake. Alipomrudisha, mama wa nyuki alijaribu kuinuka, akaanguka. Akajaribu tena, akaanguka.

Kwa kuwa mama hakuweza kwenda, alikwenda binti. Aliondoka na kikosi kidogo, akavuka korongo, akaingia katika tundu la ukuta. Hakuwa na nta wala asali. Ndipo nyuki wa nyumba kubwa walipoanza kumpelekea, tumbo kwa tumbo, toka alfajiri hadi jua kuzama. Mghoi aliwaona wakipita juu ya korongo kama uzi. Alipoupima mzinga kwa mkono, akaukuta umekuwa mwepesi.

"Wananimaliza!" alisema. Akakanda udongo, akaziba mlango wa mzinga.

Siku tatu alisikia wakivuma ndani. Siku ya nne walitoboa udongo, wakamiminika, na safari hii Mghoi akateremka korongoni kuwafuata, ajue kundi jipya liko wapi apate kulitia kwenye gogo. Walimfikisha uani kwa Wakesho. Wanawake walikuwa wamekaa chini, vichwa wazi. Nyuma ya nyumba udongo ulikuwa bado mbichi.

Wakesho hakulia. Alimwonyesha mama yake tundu la ukuta.

"Waliingia hapa, mama. Kila siku walileta kidogo, nami nilichokonoa kwa kijiti, nikamlambisha. Alianza kunyonya tena. Kisha, siku tatu hawakuja. Sijui kwa nini hawakuja."

Mghoi alifungua mdomo. Alitaka kusema udongo, alitaka kusema mizinga minne. Akanyosha mkono kuligusa lile tundu.

Wakesho aliziona kucha za mama yake, zina udongo mkavu na nta.

"Nyuki wako walifika," akasema. "Wewe ndiye hukufika."

Na tangu siku hiyo, binti za yule mama aliyekatwa hawakuyaamini mabawa tena. Malkia akishazaa huliacha tumbo lijae, hukaa, na haondoki mpaka afe. Anayehama ni binti, na watoto wa mama humbebea nta na asali wiki baada ya wiki, hata nyumba ya kale ipungukiwe, mpaka aweze kusimama. Ndiyo maana sisi wafugaji, tukigawa mzinga, hatuondoi mkono kabla ya kuwawekea wanaoondoka fungu lao la asali.

Mizinga yote ya milima hii ilitoka katika gogo lile. Lilizaa mizinga minne, nayo ikazaa arobaini, na kila nyumba ikapata dawa. Mghoi aliigawa kwa mikono yake mpaka uzeeni. Mzinga wa Wakesho aliupeleka mwenyewe, akauweka kizingitini, akasubiri hadi jua likageuka. Mlango haukufunguliwa.