Jembe la Namkunda

Wajukuu, mmekaa?

— Tumekaa!

Masikio mmekuja nayo?

— Tumekuja nayo!

Basi ilikuwa zamani, zamani ya bibi wa bibi yangu, siku ambazo jembe hukulinunua dukani kwa sababu duka lenyewe lilikuwa halijazaliwa. Watu wa milimani walichoma mchanga mweusi wa mtoni ndani ya tanuri la udongo. Wakavukuta, wakapuliza moto kwa mifuko ya ngozi, wakavukuta, hadi mchanga ukawa chuma, na chuma kikawa jembe.

Desturi yao ilikuwa hii: nyumba iliyotoa mtu wa kuvukuta ndiyo iliyopewa jembe, na nyumba yenye jembe ndiyo yenye shamba. Waliovukuta ni wanaume peke yao. Wanawake walichekecha mchanga, walibeba makaa, walipika, na hayo hayakuhesabiwa. Msiniulize kwa nini, hata wao hawakuulizana.

Sasa, palikuwa na mjane mmoja, jina lake Namkunda. Homa ilimchukua mumewe, akabaki na mtoto wa mgongoni na shamba zuri la migomba. Matanga hayajaisha, shemeji yake Sengondo akaja kusimama mpakani, mikono nyuma.

"Shemeji, pole. Msimu ukifika huna jembe, shamba hili nalichukua. Desturi ndiyo inayosema, si mimi."

"Na mimi na mwanangu?"

"Mtalima kwangu. Chakula hamtakosa."

Namkunda aliogopa. Hakuwa na kingine duniani ila shamba lile. Akaenda kwa Mzee Kibacha, mkuu wa tanuri.

"Baba, nami nivukute, nipate jembe langu."

Wazee wakacheka hadi ugoro ukawamwagika. Kibacha hakucheka. Alikuwa mtu wa haki yule, ila haki yake ilikuwa na kipimo kimoja tu.

"Sawa," akasema. "Atavukuta kama sisi. Mvukuto uleule, mwendo uleule. Asije akasema tumemwonea."

Mnaona, wajukuu? Hakuonewa hata kidogo.

Siku ya kuchoma ikafika. Mivukuto ilikuwa ya ngozi ya fahali, mipini mirefu, na mwendo wa mbio: vuu-vu! vuu-vu! vuu-vu! Wanaume wanavukuta, pumzi zinawaishia, wanakwenda kwenye pombe, moto unalala. Wanarudi, vuu-vu! vuu-vu! Wa kwanza kwenda kwenye pombe alikuwa Sengondo. Shikeni hilo. Namkunda naye akashika mpini. Vuu-vu, vuu-vu... mabega yakagoma, akaanguka.

"Haya, usawa tumeuona," Sengondo akasema. "Umepewa ulichotaka, shemeji."

Namkunda akalia njia nzima, kwa aibu. Na chuma cha siku hiyo? Kilitoka na matundu kama kawaida yake, nusu kikapukutika chini ya nyundo. Wazee wakamlaumu mchawi, nako kulikuwa kawaida yao.

Nyumbani mtoto alikuwa na njaa. Namkunda akapiga magoti kwenye jiwe la kusagia ulezi. Akasaga, akasaga, jua likahama upande wa pili wa nyumba, naye bado anasaga. Mara mikono ikasimama. Mbona hapa sichoki? Mabega si ni yaleyale?

Akamwita jirani yake Nambike. Wakashona mivukuto ya ngozi ya mbuzi yenye mipini mifupi, ya mtu aliyekaa. Kisha akarudi kwa Kibacha.

"Baba, ulinipa mpini wako ukasema ndiyo haki. Ahsante. Leo nipe tundu moja tu la kupulizia tanuri, mpini nimekuja nao."

"Huu si mvukuto wetu."

"Si wenu, baba. Ni wangu."

"Sasa nitakupima kwa nini?"

"Kwa chuma."

Mzee akaupokea ule mpini mfupi, akaugeuzageuza. "Haya," akasema. "Kwa chuma."

Wanaume wakaanza, vuu-vu! vuu-vu! Moto ukapanda. Pumzi zikawaishia, hao kwenye pombe. Pale moto ulipozoea kulala, Namkunda na Nambike wakaketi: fuuu... fuuu... fuuu... Moto haukulala. Wanaume wakarudi, vuu-vu! Wakachoka, fuuu... fuuu... Tanuri lilipobomolewa, bonge la chuma likatoka zima na zito. Lilipigwa nyundo na halikupukutika.

Kibacha alimkabidhi Namkunda jembe kwa mikono miwili. "Miaka yote tumemsingizia mchawi," akasema, "kumbe ni mapumziko yetu."

Msimu uliofuata, binti mmoja mwenye mabega mapana akaenda kushika ngozi ya fahali, akaiweza vizuri sana. Na kwenye mivukuto ya mbuzi, alipokuwa Namkunda, akaja mtu anakohoa, macho chini.

"Hodi, shemeji."

Alikuwa Sengondo. Kifua chake hakikuwahi kuziweza zile mbio, tangu ujana, na alikuwa akikificha nyuma ya kibuyu cha pombe.

Namkunda alimtazama. Alikumbuka mpakani, alikumbuka alivyoanguka, na bado alikuwa na hasira. Kisha akasogea.

"Kaa hapo," akasema. "Usikimbize. Fuuu... hivyo hivyo."

Wajukuu, mwanamke na mwanamume si kitu kimoja, nani asiyejua? Lakini mtu asinyimwe jembe kwa hilo, wala asipewe mpini wa mwenzake akaambiwa ndiyo haki. Na msijidai mnajua mapema nani atakaa wapi.

Kisa nimekitua hapa kizingitini. Mwenye mikono akibebe, mwenye usingizi akilalie.