Kibao cha Dakta Kabyemela

Dakta Kabyemela alikaa Uingereza miezi minne tu, akarudi chuoni kwetu akidai Kiswahili kimemtoka kabisa. Katika darasa lake la Kiingereza cha ngazi ya kati, aliyeponyokwa na neno la Kiswahili alivishwa kibao shingoni mpaka mwingine aponyokwe. Ambaye angekutwa nacho Ijumaa kipindi kikiisha, angerudia somo mwaka mzima.

Ijumaa ilipofika, kibao kilikuwa shingoni mwa Sikudhani.

"Na Dakta mwenyewe akiteleza je?" aliuliza kwa Kiingereza chake cha kuombea maji.

"Nitakivaa," Dakta alicheka. "Lakini niteleze vipi? Siku hizi hata ndoto naota kwa Kiingereza."

"Basi naomba mama mwenye nyumba wangu aingie. Yuko hapo nje, ana hamu ya kukisikia hicho Kiingereza."

"Mwingize, astaarabike kidogo."

Sikudhani akafungua mlango. Akaingia mama mtu mzima, amejitanda kanga.

Dakta aliruka kitini, akainama mpaka tai ikagusa meza.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mkwe wangu. Binti yangu hajambo?"

Shingo ilikuwa imeshainama vizuri. Sikudhani alimvisha kibao bila hata kunyoosha mkono.