Panya, Fisi na Kompyuta ya Kujaza Sifuri

Mpo?
Tupo!
Mmeshiba?
Tumeshiba!
Vyombo mmeosha?
...
Haya, tutaulizana baadaye. Sikilizeni.

Panya alikuwa anamwoza binti yake. Kwao, bibi harusi hatoki chumbani mpaka shangazi yake amwimbie, na shangazi alikuwa ng'ambo ya mto, mto umefurika. Akajirekodi video akiimba, akaituma. Kijiji kizima kilikuwa na kompyuta moja, ya Fisi, yenye programu ya kugawana mafaili. Na Fisi alikuwa na sheria yake: ukingoja kwangu, unanilisha.

Panya akaenda mbio na bakuli la karanga. Karanga zenyewe za wageni.

"Hodi, Bwana Fisi. Nataka wimbo wa shangazi."

"Karibu, mama. Keti." Fisi akabonyeza. Krr, krr, krr.

"Imeanza kupakua?"

"Bado. Inajaza sifuri kwanza. Nafasi yote ya video ijae sifuri, ndipo wimbo uingie. Ndivyo ilivyotoka dukani."

"Mpaka lini?"

"Jioni. Wewe ngoja, mimi nile."

Krr, krr, krr.

Panya akachungulia kwenye kioo. Alama ilikuwa kwenye "Jaza kwanza". Chini yake pameandikwa "Tenga nafasi tu". Akaanza kumenya karanga, maganda akampa Fisi.

"Kula, Bwana."

"Maganda?"

"Tumbo lijae maganda kwanza, nafasi yote ya karanga. Kisha unatoa ganda moja, unaingiza karanga moja."

Fisi akatafuna. Kwaru, kwaru, kwaru.

"Mpaka lini?"

"Jioni."

"We mama una wazimu! Nafasi ninayo, lete karanga tu!"

"Na kompyuta, nafasi haina?"

"Inayo tele!"

"Basi iambie kama ulivyoniambia mimi."

Fisi, mate yakimdondoka, akahamisha alama. Krr ikakatika. Fyuuu! Wimbo ukaingia. Panya akaunakili kwenye flashi, akaichomoa, akabeba bakuli lake.

"Na karanga zangu?"

"Anayelisha ni anayengoja. Mimi nangoja nini tena?"

"Ulingoja kidogo!"

"Na wewe umekula maganda kidogo."

Nyumbani flashi ikachomekwa kwenye televisheni, shangazi akaimba, bibi harusi akatoka, karanga zikaliwa, Fisi akabaki anatema maganda: ptu, ptu.

Fundisho, wanangu, lile tunalolipenda sisi wakubwa: kitu kiacheni kama kilivyotoka dukani, na mkubwa akisema ngoja, ngojeni.

Yangu yameishia hapo. Vyombo vile pale. Na asiniambie mtu kwamba anaviloweka kwanza.