Gego Lililolala

Nawapa mfano, na mkitaka kucheka chekeni sasa, maana mbele hakuchekeki.

Palikuwa na mama mmoja mfinyanzi, kazaa watoto chungu nzima, wote nyumbani, juu ya mkeka. Hilo alitembea nalo kama kilemba. Mkamwana wake, mke wa mwanawe mkubwa, alipojifungua kwa kupasuliwa, mama huyu alisimama siku ya kumtoa mtoto nje, mbele za wageni, akasema, "Huyu hakuzaa. Kafunguliwa kama gunia." Watu wakacheka. Mkamwana akainamisha kichwa, akaendelea kupakua wali.

Basi gego la mwisho likamshika yule mama, halali, hali. Akaenda kwa daktari wa meno. Kijana akamchungulia kinywani, akasema, "Mama, meno hayang'olewi namna moja. Lililosimama nalikamata kwa koleo, nalitikisa, linatoka. Hili lako limelala upande, nusu limefunikwa na ufizi, na mizizi imepinda. Likivutwa litavunjika. Inabidi nipasue ufizi kidogo, nilikate, nilitoe kipande kipande."

Katika maneno yote hayo, mama alisikia moja tu: nipasue.

"Nipasuliwe? Mimi? Mtoto mzima na kichwa chake kapita, jino ndilo lishindwe?"

Akajifunga khanga, huyo, mpaka gulioni kwa mng'oaji mwenye koleo na chupa ya maji ya chumvi. Yule akakanyaga kigoda, akavuta. Kah! Kikatoka kipande. Mama akakitembeza mtaa mzima kiganjani: "Tazameni, na kisu hakikunigusa!"

Sasa niambieni nyie, mizizi ilikuwa wapi? Yeye hakuuliza. Mtu akishashika kitu mkononi, habari ya kilichobaki haulizi.

Haukupita muda, shavu likavimba hadi jicho likafumba. Taya zikagoma, uji akaunywa kwa kuufyonza. Wale waliocheka naye, hata mmoja hakuonekana. Aliyemshika mkono kumrudisha kwa daktari ni mkamwana.

Daktari akatazama, akaguna. "Mama, usaha huu ukishuka kooni, pumzi zitazibwa. Leo hakuna kuvuta. Ni kupasua." Akaanza kuandaa sindano ya ganzi.

Mama akamvuta mkamwana upindo wa khanga. "Mwanangu, hivi kupasuliwa kunauma?"

"Hakuumi, mama. Kuna ganzi. Yanayouma ni maneno ya baada."

Mama akafumbua kinywa kiasi alichoweza.

Ndugu zangu, sisi je? Mmoja wetu kaacha pombe siku ile ile aliyoombewa, limevutwa, limetoka. Mwenzake kaacha, kaanguka, kalia, kafungiwa na ndugu, kaanguka tena, mpaka likatoka kipande kipande na damu juu. Nasi wa kwanza tunamwita mwenye imani, wa pili tunamtikisia kichwa. Nani katwambia mizizi yao ilikaa sawa? Tulichungulia vinywa vyao lini?

Na wewe unayesimama kila Jumapili kutuonyesha jino kiganjani, eti umemsamehe jirani, eti wivu umekwisha, hebu ligeuze uliangalie chini. Lina mizizi hilo? Au umetuletea kichwa tu, na shina limebaki linaoza?

Sisemi kila mtu akapasuliwe. Liko jino la kuvuta. Likivutika, shukuru, kaa kimya. Lakini Mungu akichukua kisu, usimwambie wenzako walitolewa bila kisu. Anajua limelalaje.

Na msinifuate mlangoni kuniambia mfano ulikuwa mtamu. Sikuwapa utamu. Mtu uliyemcheka yuko humu humu ndani. Nenda kwa huyo.