Kijaluba cha Bibi Helani

Inasimuliwa kwamba zama za kale, katika mji mmoja wa nchi ya Sham, waliishi wafua fedha wawili, duka kwa duka, ukuta mmoja kati yao. Walikuwa Manasara, watu wa kanisa. Usinikunjie uso, ewe msikilizaji. Kisa hiki nimekipenda na nitakisimulia.

Wa kwanza, Behnamu, alikuwa fundi hodari na mcha Mungu, mwingi wa saumu na sadaka. Ila alikuwa na donda moja, nalo ni jirani yake Barsauma. Misalaba ya shingoni, visanduku vya sala, kila kitu cha fedha ambacho watu waliachiwa na mababu zao, kilipelekwa kwa Barsauma, ambaye mkono wake ulikuwa wa kawaida tu. Behnamu akiona hayo, chakula hakimshuki. "Mimi ndiye fundi," akijisemea, "na yeye ndiye apendwaye." Miaka kumi na minne aliulea wivu huo; kila Jumapili akaenda nao kanisani, akarudi nao.

Siku moja Barsauma aliitwa kwenye maziko ya mjomba wake. Akaingia kwa Behnamu na kijaluba cha fedha cha kuvaliwa shingoni, mali ya mjane aitwaye Bibi Helani. Ndani yake mlichorwa sura ya Bibi Mariamu, na mjane alikuwa akikifungua kila alfajiri akisali.

"Ndugu yangu, bawaba tu imelegea. Nikazie, mwenyewe atakifuata kesho."

Behnamu akaikaza bawaba. Kisha akakifungua, akaona uso wa Bibi Mariamu umefutika, umebaki laini kama kokoto ya mtoni. Akacheka peke yake. Miaka yote hii Barsauma anakitengeneza, na hili halioni? Akashika kalamu yake ya chuma, akachora macho, pua na midomo, kwa uzuri ambao hakupata kuufikia maishani mwake. Wala hakumfikiria mjane. Alitaka tu atakayekiona aulize kazi hii ni ya nani, na Barsauma aaibike.

Kesho yake Barsauma alirudi kutoka mazikoni, akakichukua kijaluba, akamkabidhi mjane dukani mwake bila kukifungua, kwa kumwamini mwenzake. Bibi Helani akakifungua mwenyewe, akakaa chini pale pale sakafuni.

"Uso uko wapi?"

Barsauma akatazama, akautambua mkono wa Behnamu, lakini hakumtaja.

"Uso ule ulifutwa na midomo," mjane akasema. "Mama yangu aliubusu, na mama yake. Mwanangu aliubusu siku aliyokufa, naye ana miaka saba. Nilikuwa nikiweka mdomo pale alipoweka wake. Miaka yote wewe hukuugusa, ndiyo maana nilikuamini, baba Barsauma."

"Nisamehe, mama. Kilikuwa mikononi mwangu."

Nyuma ya ukuta Behnamu alisikia yote. Kile alichokitamani miaka kumi na minne kimejileta chenyewe: kufika jioni mji mzima utajua, na hakuna atakayempelekea Barsauma hata pete. Kilichotakiwa ni kunyamaza tu. Akanyamaza kitambo, tusimpambe. Kisha akamsikia Barsauma akiomba radhi mara ya pili kwa kosa lisilo lake, moyo ukamshinda, akatoka.

"Mama, mkono ni wangu, na huyu hakujua. Nilifanya kwa kumhusudu."

Mjane akamtazama. Hakumwambia nimekusamehe. Akamnyoshea kijaluba kikiwa wazi.

"Basi anza wewe kuubusu," akasema. "Mimi ni mzee, sitawahi kuufuta peke yangu."

Behnamu akainama akaubusu, na makali ya michoro mipya yakamkwaruza midomo.

Ndugu zangu, twadhani hasidi ni mwenye kuvunja. Huyu alitengeneza, tena kwa ustadi. Mola atukinge na husuda, na atujaalie kuzikagua nia zetu hata siku ile kazi ya mikono yetu inapotoka nzuri kupita zote.