Aliyebebwa kwa Tenga la Kuku

"Kaburi la babu muulize mtani." Mmeisikia leo msibani, mkacheka kwa kuwa wakubwa walicheka, kisha mmekuja kuniuliza imetoka wapi. Vyema, kuuliza si ujinga. Sogeeni basi, ila mikono isiache kupukuchua hayo mahindi. Methali hii ilizaliwa hivi.

Palikuwa na mkulima wa michungwa huku kwetu Bonde, jina lake Singano. Alilelewa na shangazi yake, Bi Mwantumu, mwanamke mwenye ulimi mkali na moyo laini. Bi Mwantumu alizeeka, miguu ikakataa kazi, na kila akiletewa uji alisema neno lile lile.

"Singano mwanangu, sitaki kufa kabla sijafagia kaburi la babu yangu Mhina. Tunafagia makaburi ya wote, na yeye aliyeanzisha ukoo kalala majanini."

Tatizo ni kwamba hakuna aliyejua Mhina alizikwa wapi. Singano alimpenda shangazi yake kupita kiasi, basi akapanda baiskeli akaenda kuwauliza wazee wa ukoo. Baba yake mkubwa alimwambia kwamba Mhina alikuwa muuaji wa simba, kaburi liko juu kilimani. Mzee wa pili akasema la, Mhina alikuja na ngoma na askari, kaburi liko ng'ambo ya mto. Wa tatu hakukubali kushindwa, akasema Mhina hakufa kamwe, alitoweka tu. Mwamba ngoma huvutia kwake. Maskini Singano alipanda kilima, akavuka mto, akawashwa na upupu mpaka akatamani kujivua ngozi. Kaburi hakuliona. Na kila aliporudi alimkuta shangazi amezidi kukonda, akaona haya kumtazama usoni.

Siku moja alirudi akamkuta Mzee Kilua uani, amemkumbatia jogoo wa nyumba ile. Kilua alikuwa mtani wao. Mila yetu mnaijua: utani haukasirikiwi. Watu wa ukoo wa Kilua walichukua kuku wa akina Singano bila kuomba, na kila akina Singano walipofiwa walisimama mbele ya jeneza wakawatukana: "Lieni, lieni, wajukuu wa aliyebebwa kwa tenga la kuku!" Watu hucheka, uchungu hupungua, maiti anazikwa. Tusi hilo Singano alilisikia tangu akiwa mgongoni mwa mama yake, akalicheka kama baba yake alivyolicheka.

"Nasikia mtoto wa tenga anaumwa," Kilua akasema. "Nimekuja kumjulia hali. Na huyu jogoo naondoka naye, maana nyie kwa uroho mtamla peke yenu."

"Mzee wangu, leo niache," Singano akajibu. "Shangazi anatutoka, na kaburi la Mhina sijalipata. Nimetafuta mpaka nimechoka."

Kilua akamwachilia jogoo. "Kaburi la Mhina? Kwani limepotea?"

"Wewe unalijua?"

"Tunalifagia kila mwaka Ramadhani ikikaribia. Liko kwetu, miguuni pa bibi yetu Mashavu."

"Babu yetu azikwe kwenu, kwa lipi?"

Kilua akaketi kwenye kinu kilicholala, akauweka mzaha kando. "Hivi mlidhani lile tusi tulilitunga? Mwaka wa njaa kuu bibi yetu alikuwa mchuuzi wa kuku. Akamkuta mtoto njiani, kakaa karibu na wazazi wake, na wale hawakuwa wa kuamka tena. Mtoto hawezi hata kusimama. Bibi akawafungulia kuku, akamtia mtoto ndani ya tenga, akajitwika mpaka nyumbani. Huyo ndiye Mhina. Alipokuwa mzee mwenye wajukuu akausia: nizikeni miguuni pa aliyenitwika. Na kuku wetu wale ndio tunaowadai mpaka leo."

"Mbona hamkutuambia miaka yote hii?"

"Tuliwaambia kila msiba. Nyie mlikuwa mkicheka."

Sauti ikatoka ndani. Bi Mwantumu alikuwa amesikia yote. "Wazee wangu waliona haya ya tenga, wakampa simba wa kuua! Kilua, nipeleke."

"Utakwendaje na miguu hiyo?"

"Leteni tenga," akasema Bi Mwantumu. "Ukoo wetu haukuingia kwenu kwa miguu."

Tenga lingemtosha wapi! Wakambeba juu ya kitanda, vijana wa koo zote mbili wakipokezana. Alifagia ameketi, kwa ufagio mfupi. Alianza na kaburi la Mhina, kisha akasogezwa kwenye la Bibi Mashavu, na hapo akakawia. Alichoma ubani akalia wazi wazi bila kujificha. "Ahsante kwa kututwika," akasema.

Mvua za vuli hazikumkuta. Siku ya maziko yake Kilua alisimama mbele ya jeneza, kama mila inavyotaka, akaanza: "Lieni, wajukuu wa..." Mtani mzima analia!

Singano, ambaye safari hii hakucheka, akapaza sauti: "Malizia, mtani! Watoto wetu hawajasikia."

Kilua akafuta uso, akalimalizia tusi lote, kila neno. Kisha Singano akawasogeza wanawe mbele, akawaambia wamuulize yule mzee maana yake, nao wakauliza palepale.

Basi yule mtani aliyewatukana leo msibani, msimcheke tu mkaondoka. Kesho mpelekeeni kuku, mumuulize tusi lake limeanzia wapi. Ndugu zako wanakupenda, kwa hiyo watakupamba. Mtani naye anakupenda, lakini hana haja ya kukupamba. Kaburi la babu, wanangu, muulize mtani.