Kwa Nini Kitufe cha Bunduki Husukumwa kwa Kidole Gumba

Mmeniuliza kwa nini katika kituo hiki cha Lwanyembe kitufe cha ubavuni mwa bunduki husukumwa kwa kidole gumba tu, na kwa nini risasi iliyogoma hupelekwa nyumbani kwa Mzee Mihayo. Mimi Milembe nilikuwepo, basi nisikilizeni.

Zamani sisi askari wa wanyamapori tulikuwa na bunduki za kufunga kwa mkono. Risasi ikigoma, kiganja chako kilijua mara moja. Kisha zikaja hizi zinazojifunga zenyewe kwa springi. Ubavuni zina kitufe cha kusukumia mbele kile chuma kinachofunga risasi, endapo springi haikukifikisha mwisho. Hatukuelezwa zaidi ya hapo, nasi tukakipenda kitufe kama watoto. Kila asubuhi kwenye gwaride ulikoki bunduki, yaani ulivuta chuma nyuma na kukiachia kiingize risasi, ukakipiga kitufe kofi, kisha ukaitoa risasi na kuirudisha ilikotoka, juu ya zenzake kwenye magazini. Tuliita kuiamkia bunduki. Aliyesahau kofi lake alichekwa hadi jioni. Ulikuwa upuuzi mtupu, na sisi tuliuona ushujaa.

Mihayo wakati huo alikuwa mfuata nyayo wetu. Hakubeba bunduki. Macho yake yalikuwa chini, na uhai wake ulikuwa mikononi mwa shemeji yake, Nkwabi, aliyemfuata nyuma. Siku moja mbogo aliyekatwa mguu na waya wa majangili alianza kuwakimbiza wanawake kisimani. Tukatumwa sisi watatu tukammalize.

Tulimfuata mpaka kwenye majani marefu, karibu kiasi cha kumsikia akipumua. Kwa kuwa Mihayo alitangulia, tulikuwa tumetembea bila risasi ndani ya mtutu tusije tukampiga kwa bahati mbaya, kwa hiyo ilibidi tukoki palepale. Mimi nilivuta, nikarudisha taratibu ili mbogo asisikie. Kwa upole huo chuma hakikufika mwisho. Nikakisukuma kitufe kwa kidole gumba, kikafunga kimya. Msinisifu, niliogopa tu kupiga kelele.

Risasi ya Nkwabi haikuingia. Risasi ileile ya juu ilikuwa imeingizwa na kutolewa kila asubuhi mpaka ikapinda.

"Shemeji, vipi?" Mihayo alinong'ona.

"Imegoma."

Hapo mkono wa Nkwabi ukafanya ulichozoea. Alikipiga kitufe kofi, akarudia kwa nguvu zaidi. Risasi ikakwama, haiendi mbele wala hairudi nyuma, na mbogo akajua tulipo. Alitoka mbio na kumkumba Mihayo, akamvunja paja. Sikuweza kufyatua wakiwa wamelaliana. Mbogo alipoinua kichwa ndipo nilipopiga, akaanguka kando. Nkwabi alibaki amesimama na bunduki yake iliyokwama, akilia na kusema amemuua mume wa dada yake.

Hakumuua. Lakini kituo kiligawanyika. Wengine walisema kitufe kile ni balaa, wengine wakasema bila kitufe askari hana salama. Mkuu wetu, Bwana Lugembe, akachoka na makelele, akaagiza vitufe vyote vikatwe kwa msumeno. Kabla ya kuanza alikwenda kumjulia hali Mihayo, nami nilikuwa pale.

"Afande, usikate," Mihayo alisema kitandani. "Milembe angefungaje kimya? Nkwabi alitakiwa avute nyuma, aitupe ile risasi, aingize nyingine. Kwa hilo hakuhitaji kitufe. Wakatazeni makofi." Na ndivyo Bwana Lugembe alivyoagiza.

Jioni ile Nkwabi alikuja na ile risasi iliyopinda, ambayo mafundi walikuwa wameitoa kwa kuigonga. Alimpa shemeji yake kwa mikono miwili, akainama. Mihayo aliigeuzageuza, akaiweka dirishani, kisha akamwambia mkewe amletee kaka yake chai.

Basi mkiniuliza kama kitufe kina faida, nasema kinayo, siku unapotaka kufunga bila sauti. Mkiniuliza kama ni lazima, nasema wengi wenu mtastaafu bila kukihitaji.

Na tangu siku hiyo, hapa Lwanyembe hatuamkii bunduki. Risasi ikigoma, tunavuta nyuma, tunaitoa na kuingiza nyingine. Aliyeitoa huiokota baadaye na kuipeleka mwenyewe kwa Mzee Mihayo. Mzee hutoka akichechemea na fimbo yake, huipokea, humtazama aliyeileta kuanzia kichwani hadi miguuni. Akishaona kila kiungo kipo, humwambia, "Karibu chai."